Sista Aliyejifunza Zamu ya Kisima

Sista alikuwa anaogopa ngamia. Alikaa kwetu miaka mingi, mahali ambapo huwezi kwenda dukani bila kupishana na ngamia, na bado kila alipomwona mmoja anamjia alishika sketi yake kwa mkono mmoja, akasimama kando ya njia na kumwambia, "Pita, mzee, pita." Watoto tulicheka. Ngamia alipita bila hata kumtazama. Sista alishusha pumzi, akaendelea na njia yake kama mtu aliyevuka mto uliojaa.

Alikuwa muuguzi wa zahanati yetu, upande wa Habaswein. Zahanati yenyewe ilikuwa na vyumba viwili na bati moja lililolegea, upepo ukivuma unalisikia mpaka shuleni. Serikali ndiyo iliyomleta. Kwao hasa hatukupajua. Sisi tulisema tu kwamba ametoka Kenya, kwa sababu wazee wetu ndivyo wanavyosema, fulani amekwenda Kenya, fulani amerudi kutoka Kenya, kana kwamba sisi tuko nchi nyingine. Mwanzoni alibishana nao. Aliwaambia hapa pia ni Kenya. Baadaye alichoka, na mwaka mmoja aliporudi kutoka likizo tulimsikia mwenyewe akilalamika dukani kwamba barabara ya kutoka Kenya imeharibika sana.

Jina alikuwa nalo, limeandikwa kwenye kibao kidogo kifuani, lakini hakuna aliyelitumia. Wazee, akina mama, watoto, chifu na askari wake, wote walimwita Sista.

Alikuwa mfupi na mnene, mwenye sauti ya kumfikia mtu aliye ng'ambo ya malisho. Sare yake nyeupe vumbi letu liliigeuza rangi ya chai kabla ya adhuhuri. Kichwani alijifunga leso, ingawa hakuwa Mwislamu. Kila Jumapili aliimba nyimbo zake za kanisani peke yake ndani ya nyumba, kwanza sauti ya juu, halafu anarudi mwanzo na kuimba sauti ya chini, kwa kuwa hakukuwa na mwenzake wa kuimba naye. Leso alisema anaivaa kwa sababu huwezi kumshika mtoto wa mtu huku mama yake anashangaa nywele zako.

Mimi nilikuwa mtoto wa haya. Mgeni akiniuliza jina langu, ulimi ulikauka. Baada ya shule nilikuwa nachunga mbuzi wachache nyuma ya zahanati, na watu wazima wengi wakipita waliniuliza maswali mpaka nikakimbia. Sista hakuniuliza kitu. Alitoka nje na kikombe chake, akakaa kwenye ngazi, akamgeukia mbuzi wangu mweupe.

"Wewe, huyu bibi yako ameenda shule leo?"

Nikamjibu mbuzi kwamba ameenda.

"Na amefundishwa nini?"

Nikamwambia mbuzi kwamba amefundishwa kugawanya. Sista akamwambia mbuzi kwamba yeye kugawanya kulimshinda mpaka darasa la sita, akanywa chai yake, akaingia ndani. Tuliendelea hivyo kwa muda mrefu. Nyumbani tulizungumza Kisomali tu, na shuleni Kiswahili kilikuwa cha kuitikia mwalimu. Kiswahili hiki ninachoandika kwacho kimetoka zaidi kwenye zile ngazi kuliko darasani, na namshukuru kwa hilo peke yake hata kama asingetufanyia jambo lingine.

Kulikuwa na friji katika chumba cha pili, friji ya mafuta ya taa, na hiyo aliitunza kuliko mwili wake. Moto wake chini ulipaswa kuwa wa buluu. Ukigeuka manjano, friji hutoa moshi na baridi inakimbia, na dawa za chanjo ndani zinaharibika. Kwa hiyo Sista aliweza kuwa anakula, anazungumza, anamcheka mtu, halafu akanyamaza ghafla na kwenda kuinama kutazama moto. Alilala na mlango wa nyumba yake ukitazama dirisha la chumba kile.

Siku moja mkubwa mmoja wa serikali alikuwa anatarajiwa kijijini, na askari wa chifu akaja na kreti la soda, akasema chifu ameagiza zipozwe. Sista alisimama mlangoni akamwambia kwamba friji yake imejaa watoto wa hapa, soda zitakaa wapi? Askari alirudi na soda zake. Mkubwa alikunywa soda ya moto kama sisi wote. Lakini maneno yale yalizunguka kijijini, na kesho yake mama mmoja alifika na wenzake wawili kutaka kuona hao watoto walio ndani ya friji. Sista hakucheka. Alifungua mlango kidogo, akatoa kichupa kimoja kisichozidi kidole gumba.

"Hii ni ya dondakoo, kifaduro na pepopunda," alisema. "Ikilala hapa kwenye baridi, mtoto wako atalala salama kwako. Haya, nafunga, baridi inatoka."

Kwa chifu alikuwa mkali hivyo, lakini mbele ya bibi kizee asiye na jino alipiga magoti. Aliwagombeza akina mama waliochelewa mpaka unamhurumia anayegombezwa, halafu akamwita yule yule ndani na kumpa chai yake mwenyewe. Alituambia kila siku kwamba subira ni dawa, na yeye mwenyewe hakuweza kungoja chai ipoe. Kila asubuhi aliungua ulimi, na kila asubuhi alishangaa.

Wazee walipenda kumchokoza kwenye kibanda cha chai. Wao walikuwa wanaijua chanjo tangu zamani, kwa sababu watu wa mifugo walikuja kuwadunga ng'ombe sindano ya sotoka. Mzee mmoja alimwambia kwamba ng'ombe wake alidungwa mara moja na bado yuko hai, lakini Sista anamdunga mtoto mara tatu, basi dawa yake lazima ni dhaifu.

"Ng'ombe wako utakaa naye miaka mingapi kabla hujamuuza?" Sista alimuuliza. "Huyu mtoto nataka azeeke kama wewe, akae hapa anisumbue."

Walicheka sana, na mzee alimlipia chai. Kutoka kwao alichukua msemo aliokuwa akiurudia kwa kila mama. Alisema mtoto wa sindano moja ni zizi la miiba lenye pengo. Umehangaika, umekata miiba, umechomwa mikono, lakini fisi hahitaji mapengo mawili, pengo moja linamtosha. Kumaliza ndilo lilikuwa neno lake kubwa. Hakuuliza kama mtoto amechanjwa, aliuliza kama amemaliza.

Hata hivyo alifanya kosa moja kubwa kwetu, katika mwaka wake wa kwanza, na sitaweza kumweleza vizuri bila kulisema.

Alikuwa amegundua mapema kwamba akikaa zahanati akingoja watu, atangoja sana. Watu wetu wako na mifugo. Lakini kiangazi kila mtu lazima afike kisimani. Kwa hiyo aliamua kuipeleka chanjo visimani, na hilo lilikuwa wazo zuri. Asilolijua ni kisima chenyewe. Visima vyetu vilichimbwa na babu zetu kwa mikono. Wanaume husimama ndani, mmoja juu ya mwingine, wakipandisha ndoo huku wakiimba, na juu maji yanamiminwa kwenye hori. Kila ukoo una siku yake, na ndani ya siku hiyo kila nyumba ina zamu yake. Hata ngamia wanaijua. Wanasimama mbali na kiu yao, macho yameelekea maji, na hawasogei mpaka waitwe. Anayepitwa kwenye zamu na akanyamaza, kesho atapitwa tena, na mwisho mifugo yake itakufa. Watu wamepigana na kuzikana kwa jambo hilo.

Siku ile zamu ya kwanza ilikuwa ya baba yangu. Sista aliweka meza yake karibu na hori na kisanduku chake cha barafu chini ya meza. Mama alisimama mbele na mdogo wangu Halima mgongoni, alikuwa mtoto wa miezi michache. Nyuma kulikuwa na mtoto wa nyumba nyingine akilia sana. Sista, kwa huruma yake, alimwita huyo kwanza ili anyamaze. Kisha akamwita mwingine aliyekuwa akilia. Kwake ilikuwa kutuliza watoto. Kwa Baba ilikuwa kwamba, mbele ya watu wote, kando ya maji, nyumba mbili zimepitishwa mbele ya nyumba yake siku ya zamu yake.

Baba hakugomba. Alimaliza kunywesha ngamia wake, akamwambia Mama twende. Jamaa zetu walipomwona anaondoka nao wakachukua watoto wao. Sista alibaki amesimama na sindano mkononi, akiuliza kuna nini, na barafu ikiyeyuka.

Mzee mmoja ndiye aliyemweleza. Kesho yake Sista alikuja nyumbani kwetu na sukari, akipita kando ya ngamia wetu wote huku amefumba macho nusu. Baba alimpokea, mgeni hafukuzwi. Akapewa chai. Aliomba radhi, akasema amekosa kwa kutojua, akaomba Halima na wenzake waletwe. Baba alisikiliza mpaka mwisho.

"Zamu yetu imepita," alisema.

Baba yangu si mtu mbaya. Nataka hilo lijulikane. Alikuwa mtu aliyefundishwa kwamba neno likishatoka halirudi, na jamaa walikuwa wanamtazama.

Tangu siku hiyo Sista hakufungua kisanduku chake kisimani kabla ya kuuliza, "Zamu ya nani leo?" Watoto wa zamu ya kwanza walidungwa kwanza, wa pili wakafuata, hata kama wa mwisho analia mpaka anakuwa mwekundu. Mke wa chifu alijaribu siku moja kupita mbele na mjukuu wake. Sista alimwambia, "Mama, hapa hata mimi nangoja." Watu walilipenda hilo. Wengi wa jamaa zetu walianza kurudi, mmoja mmoja, kimyakimya. Nyumba yetu haikurudi.

Halima alikuwa ameanza kusema maneno alipougua. Ilikuwa kiangazi kingine. Alianza na homa ndogo, akakataa maziwa, sauti ikawa nzito. Kisha shingo ikavimba pande zote mbili mpaka kidevu kikapotea. Kwetu mtoto akiumwa koo watu husema ni kimio, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya ulimi, kwamba kimerefuka na kinamziba, na dawa yake ni kukikata. Aliitwa bibi mmoja wa kijiji cha jirani anayejua kazi hiyo. Alikata. Halima hakupata nafuu. Ndani ya koo alikuwa na utando wa kijivu, na bibi alisema hajawahi kuona kimio cha namna hiyo.

Mama alimbeba mwenyewe mpaka zahanati, bila kumuuliza Baba. Sista alimtazama mara moja kwa tochi, akamtia sindano, akatoka barabarani na kusimama katikati mpaka lori la mifugo likasimama. Alipanda nyuma na Mama, kati ya mbuzi, akimshikilia Halima wima ili apumue. Halima alifariki kabla hawajafika hospitali ya Habaswein. Lori liligeuza likawarudisha.

Wakati wa matanga Sista alikuja akakaa na wanawake, alipokea majani ya chai na kuchambua mchele kama wengine. Siku ya kuondoka alikwenda upande wa wanaume, akasimama mbali kidogo na Baba.

"Mzee," alisema, "mimi ndiye niliyevunja zamu."

Baba alikuwa anachora mchangani kwa kijiti. Hakuinua uso. Alichora mpaka akachoka, akasimama, akaenda kwa ngamia wake.

Lakini Sista hakwenda zake. Alimwambia Mama ugonjwa ule ni dondakoo na unaruka kutoka kwa mtoto hadi mtoto, akatuita sisi wote tuliobaki, akatubana ulimi kwa mpini wa kijiko na kutazama koo kwa tochi, akatupa dawa. Baba alimwona akiingia. Hakusema ingia wala toka, alitoka tu nje. Baadaye Sista alikwenda mpaka kwa yule bibi anayekata kimio. Watu walitegemea vita. Alikaa naye tangu asubuhi mpaka alasiri, wakanywa chai, na alichomwomba ni jambo moja tu, kwamba akimwona mtoto mwenye shingo iliyovimba na utando kooni asimguse, amlete. Bibi aliendelea kukata kimio, siwezi kusema aliacha, lakini watoto wa namna hiyo alianza kuwaleta mwenyewe, akiwa amewashika mkono.

Mwaka uliofuata Mama alimzaa Yusuf. Tangu hapo Sista alikuwa na jambo lake, na kijiji chote kililijua: je, mtoto huyu wa nyumba yetu atachanjwa, au atabaki kama Halima? Mama alitamani Sista amchanje kwa siri. Sista alikataa. Alisema mtoto ana baba, na huyu baba alishapitwa mara moja.

"Sitamfuata nyumbani tena," alimwambia Mama. "Nitamngoja kisimani."

Akangoja. Zamu yetu ilipofika, alikuwa pale na meza yake. Aliuliza zamu ya nani, akaambiwa, akakaa. Hakumwita mtu. Nyumba zilizotufuata zilikuwa zimepanga watoto wao, na akina mama wakaanza kunong'ona kwamba jua linawachoma. Sista aliendelea kukaa, mikono magotini, akitazama barafu yake. Baba alinywesha. Ngamia walikuwa wengi siku ile, na nadhani aliwanywesha polepole kuliko kawaida. Wa mwisho alipoinua kichwa, Baba alijifuta mikono kwenye kikoi, akamgeukia Mama na kumwambia kwa Kisomali amlete mtoto. Kisha akasema kwa Kiswahili chake, watu wote wasikie:

"Sista, huyu mtoto yangu. Leo zamu ni yetu."

"Ni yenu, mzee," Sista alisema.

Alimdunga Yusuf pajani. Yusuf alilia, na Sista naye machozi yalimtoka huku akiwaambia wengine kwa ukali wasogee, wasimzibe upepo.

Sindano ya pili ilikuja mwezi ulipoandama tena, kwa utaratibu ule ule. Ya tatu ilikuwa na tatizo. Mvua ilinyesha mapema, na Baba alituhamisha upande wa Eldas ambako majani yalikuwa yameota. Mvua ikinyesha hakuna anayengoja muuguzi. Mama alihesabu siku kwa huzuni, akasema basi, pengo litabaki.

Mchana mmoja tuliona ngamia anakuja, anaongozwa na mzee wa kijijini kwetu. Upande mmoja amefungwa kisanduku cha chanjo, na juu yake kuna kitu cheupe kimeinama kama mzigo unaotaka kuanguka. Alikuwa Sista. Alikuwa amepanda malori mpaka njia ilipoishia kwenye matope, na kutoka hapo mzee alimwambia achague, ngamia au kurudi. Macho yalikuwa yamefumbwa kabisa. Ngamia alipopiga magoti kumshusha, Sista alitoa sauti ambayo sisi watoto tuliiiga kwa miezi.

Kwetu mgeni haulizwi anataka nini kabla hajanywa. Baba alimpa maziwa ya ngamia kwenye chombo cha mbao kilichofukizwa moshi. Tulijua kwamba maziwa yale yalikuwa yanamsumbua tumbo, tangu mwaka wa kwanza alikuwa anayakataa kwa adabu. Siku ile aliyanywa yote, akarudisha chombo kitupu. Kisha akafungua kisanduku, akamdunga Yusuf sindano ya tatu, akasema "Amemaliza," na hapo hapo akakimbilia vichakani. Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini. Nilimwona Baba pia, amegeuza uso, mabega yanatikisika.

Baada ya hapo hawakuwa marafiki wa kuzungumza. Kila Idi Baba alimpelekea paja la mbuzi, na Sista alilipokea na kuuliza habari za mifugo, akajibiwa, na maneno yakaisha. Jina la Halima halikutajwa kati yao. Yusuf alikua, akawa mtoto wa kelele, anaita mbuzi mpaka unaziba masikio, na Mama alikuwa anasema ngoja aite, mwacheni aite.

Nilipomaliza darasa la nane nilipelekwa Garissa kwa eeddo wangu, dada yake Baba, anayeuza maziwa karibu na kituo cha mabasi. Ilikuwa baada ya zile mvua kubwa zilizokata barabara zote. Asubuhi moja Baba alikuwa amekuja mjini na ng'ombe wa kuuza, anakunywa chai nyuma yetu, nami namimina maziwa, nikaona leso ninayoijua. Sista alikuwa amekaa juu ya sanduku lake kando ya basi la Nairobi. Nywele zilizochungulia chini ya leso zilikuwa nyeupe, na miguu ilikuwa imevimba. Nilimwendea. Alinishika uso kwa mikono miwili. Alisema amestaafu, anakwenda kwao moja kwa moja.

Nilimwita Baba. Alikuja akiwa na kikombe bado mkononi. Walisalimiana, wakaulizana habari za mvua na mifugo. Alipoambiwa kwamba anaondoka, Baba alitazama basi. Wapakiaji walikuwa bado juu wanafunga magunia. Alirudisha kikombe kwa eeddo, akamwambia kijana aliyekuja naye awaangalie ng'ombe. Kisha akainama, akachukua sanduku la Sista na kuliweka begani. Sijawahi kumwona Baba akibeba mzigo wa mwanamke, hata wa Mama. Alisema basi litachelewa, na darajani lazima litasimama abiria wakaguliwe vitambulisho, basi tutembee, litatukuta. Kwetu mtu anayekwenda safari asiyorudi husindikizwa kwa miguu.

Tulitembea polepole kwa ajili ya miguu yake. Mimi nilikuwa nyuma yao. Mto Tana ulikuwa umejaa, maji mekundu, na Sista alisimama penye mwanzo wa daraja akashika chuma apumzike. Baba alitua sanduku chini.

"Sista," alisema. "Ile siku ya kisima."

Sista alimtazama.

"Wewe hukufukuza mimi," Baba alisema. "Mimi niliondoka na miguu yangu. Halafu ulikuja nyumbani na sukari, ukaomba, mimi nikasema zamu imepita. Mtoto hana zamu. Halima ilikuwa yangu, na hiyo kitu ni yangu. Wewe usiende nayo kwenu. Wacha hapa."

Aliyasema polepole, akitafuta kila neno, na nadhani alikuwa ameyatafuta kwa miaka. Sista alitazama maji yakipita chini ya daraja, na sikujua kama nimshike au niwaache. Niliwaacha.

Basi lilikuja, abiria wakashuka na vitambulisho vyao, wakakaguliwa, wakaanza kupanda tena. Utingo alichukua sanduku. Baba aliweka mkono kifuani, kwa kuwa kwetu mwanamume hampi mkono mwanamke asiye wake. Sista naye aliweka wake kifuani. Alikuwa ameshaweka mguu mmoja ndani ya basi alipogeuka.

"Haya, mzee," alisema. "Nimeiacha."